Tunaoishi jirani na kambi za jeshi Mwanza: mpaka uonekane, na tujuane kabla ya maafa

Mpima_Ilemela

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamoni.

Mazungumzo kuhusu kambi za jeshi hapa kwetu huwa hayafiki mbali. Mmoja atasifia uzalendo, mwingine atakumbushia askari aliyempiga mtu baa, wa tatu atasema "hayo mambo ya jeshi tuyaache", basi yameishia hapo. Mimi nimekulia Ilemela, mtaa ambao asubuhi unaamshwa na tarumbeta ya kambini, na kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Naomba tuliongelee kwa utulivu, maana linagusa nyumba zetu, biashara zetu na watoto wetu.

Hoja yangu ni moja. Kwa sisi wa ziwani, kambi ni jirani tunayemkimbilia siku ya maafa. Lakini siku za kawaida hatujui eneo lake linaishia wapi, hatujui tumuulize nani, na yeye hana utaratibu wa kutuambia. Ugomvi mwingi ninaokutana nao kazini unaanzia hapo.

Kwanza tukumbushane kwa nini jeshi lipo huku, kwa sababu vijana wengi wanaiona kambi kama ukuta tu uliowakuta hapo. Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, kuvuka kutoka Tanzania kwenda kumshambulia Idi Amin, ndege za Amin zilikuja kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kisiwa hicho ni hicho hicho mnachowapeleka wageni kwa boti siku za sikukuu, kiko mkabala na Capri Point. Mtupaji angepatia shabaha yake, leo tungekuwa tunahesabu makaburi ya mjini. Mji uliopitia hayo, hakuna wa kushangaa uwanja wake wa ndege kuwa na upande wa raia na upande wa jeshi.

Na vita ile haikupiganwa na watu wa kambini peke yao. Nyerere alipotangaza Novemba 2, 1978 kwamba nia tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao, mgambo waliitwa kutoka vijijini, malori ya watu yakachukuliwa, wafugaji wakatoa ng'ombe. Nendeni Kaboya, Muleba, mkasome majina kwenye makaburi ya mashujaa. Mtakuta majina ya kila kabila la nchi hii. Uhusiano wa kambi na raia Kanda ya Ziwa una deni la pande zote mbili, ndiyo maana linaniuma ninapoona majirani wanaishi kama hawajuani.

Sasa tuje getini. Mama yangu aliuza chapati na supu ya utumbo karibu na geti la kambi miaka mingi, ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Alikuwa na daftari la madeni, lile lenye jalada gumu, na wateja wake hakuwaandika kwa majina kamili. Aliandika "Koplo wa Tukuyu, chapati 4, supu 1", "Kijana wa karakana, chai tatu", "Afande mrefu, kesho". Mshahara ukitoka, wanakuja mmoja mmoja, anakata mstari kwa kalamu nyekundu. Uhamisho wa ghafla ukitokea, kuna mistari haikatwi, na hasara ni ya mama. Pamoja na hayo hakuwahi kufikiria kuhamia sehemu nyingine, kwa sababu mteja mwenye mshahara wa uhakika kila mwezi ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili. Wenye nyumba za kupanga, bodaboda, vinyozi, mafundi cherehani wanaorekebisha suruali za vijana wapya, wote hao wanapumua kwa kambi.

Kuna badiliko moja kubwa watu wamelisahau. Zamani askari walinunua vitu kwenye maduka ya kambini yenye msamaha wa kodi. Bajeti ya 2016/17 ikauondoa msamaha ule, askari wakaanza kulipwa posho badala yake. Waulizeni wenye maduka ya bati, saruji na televisheni wa maeneo yetu, watawaambia pesa ya askari ilianza kuonekana mtaani waziwazi.

Hayo ni mazuri. Sasa mpaka.

Tulikuwa kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima maeneo yaliyojengwa bila kupimwa ili watu wapate hati, kwenye mtaa mmoja unaopakana na kambi. Bibi mmoja akatupeleka nyuma ya nyumba yake, akafunua majani ya matembele kwa mguu, na chini yake kulikuwa na bikoni, jiwe la zege la kuonyesha mpaka, herufi zimeliwa na mvua, hazisomeki. Choo chake kilikuwa hatua kumi hivi ndani ya upande wa jeshi. Akasema, "Walipita vijana wakati mzee wangu yu hai, wakachimba, wakaliweka hili jiwe, wakaondoka. Hakuna aliyetuambia kitu, na sisi tukaogopa kuuliza." Nyumba ina umeme, analipa kodi ya jengo. Siku ile tulilazimika kumwambia kwamba kipande kile hakirasimishiki. Hakulia, hakugomba. Aliuliza kama wajukuu wake watafukuzwa, na sisi hatukuwa na jibu la kumpa.

Linganisheni na mita 60 za ziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Wapo wanaovunja, najua, lakini hakuna mvuvi wala mwenye hoteli Mwanza asiyejua kwamba kuna mita 60. Zimetangazwa redioni, zimesemwa kwenye mikutano, zimepigwa alama nyekundu kwenye kuta. Mpaka wa kambi unakaa kimya mpaka siku ya kubomoa.

Na mpaka ni suala la uhai. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala. Februari 16, 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Watu walikufa majumbani mwao, watoto wakapoteana na wazazi usiku kucha. Yalitokea Dar es Salaam, lakini kila mtu anayeishi karibu na kambi popote nchini aliyaelewa siku zile zile. Nafasi iliyo wazi kati ya ghala na nyumba ya kwanza ndiyo inayookoa watu. Ikishajazwa viwanja, imekwisha.

Ninachoomba kiwe utaratibu wa kawaida ni kwamba kila mtaa unaopakana na kambi uwe na ramani ya mpaka imebandikwa ofisi ya mtendaji, bikoni zipakwe rangi na kusafishwa kila mwaka, na kambi iwe na afisa ambaye mwenyekiti wa mtaa ana namba yake. Na angalau mara mbili kwa mwaka wakae meza moja: kambi, serikali ya mtaa, wavuvi wa mwalo wa karibu na mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Hakuna siri ya nchi inayovuja hapo.

Karibuni. Nawaomba msitaje vikosi kwa majina wala kuweka picha za kambi.

Binti_Bwisya

Mkuu, kwenye maafa umenigusa. Mimi ni wa kisiwa cha Ukara. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kutia nanga Bwisya, siku ya gulio. Zaidi ya watu 220 walikufa. Nilipoteza shangazi na mtoto wake.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wetu na mitumbwi yao. Waliokoa kwa mikono. Usiku ukaingia, zoezi likasimama, na sisi tumekaa ufukweni tunaitazama meli imelala chali tukijua ndani kuna watu. Wapiga mbizi wa jeshi walipofika, hali ilibadilika. Tarehe 22 fundi mitambo wa kile kivuko alitolewa akiwa hai, siku mbili baada ya ajali. Nilikuwepo pale, umati ulipiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani. Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Mabeyo, alisimamia zoezi lile, na kivuko kiligeuzwa na kuvutwa mpaka ufukweni. Askari walibeba miili ya ndugu zetu kwa heshima, siwezi kusema vinginevyo.

Lakini maumivu yangu ni yale masaa ya kwanza. Mvuvi ana mtumbwi na anaujua mwamba kila ulipo, ila hana kamba, hana taa ya chini ya maji, na hajui namna ya kumtoa mtu aliyenaswa ndani ya chombo. Askari ana vifaa na mafunzo, ila yuko mbali. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, ilikuwa hivyo hivyo. Watu 19 walikufa kati ya 43, na waliotoa msaada wa mwanzo ni wavuvi. Majaliwa Jackson alikwenda na mtumbwi na kasia. Serikali ikampa nafasi Zimamoto na Uokoaji, jambo jema. Lakini tuna Majaliwa wangapi kwenye mialo yetu ambao hawajafundishwa chochote? Kambi ikiwachukua vijana kumi kumi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, kila mwalo, wakafundishwa uokoaji kwa wiki moja, ajali inayofuata itawakuta tayari. Naomba hili liingie kwenye hoja yako.

Mpima_Ilemela

Dada yangu, pole sana. Nimeliingiza, tena naliweka juu ya la ramani. Kwenye hivyo vikao wavuvi wakae mbele.

Mzee_wa_Nyakato

Wanangu, marahaba. Mimi ni mstaafu wa jeshi, nilivuka Kagera nikiwa kijana. Nimesoma taratibu, na kijana aliyeanzisha ameandika kwa adabu, nampongeza. Naomba niseme na upande wa pili.

Jeshi letu lilizaliwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule. Wazee walitaka askari anayeishi na watu, anayelima, anayejenga. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yenyewe ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, Julai 10, 1963. Sisi tulikuwa tukienda kuvuna pamba na wanakijiji, tukicheza nao mpira Jumapili. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukasisitiza mgambo, na mlivyoona mwaka 1978, haikuwa kazi bure.

Vita ya Kagera ilipokwisha, silaha nyingi zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukawa mkubwa Usukumani. Hapo ndipo sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoinuka, miaka ya mwanzo ya themanini, kwa mishale na filimbi. Msidhani vita inaisha siku ya gwaride. Raia ndio wanaobaki na mabaki yake.

Sasa kuhusu mpaka. Kijana wangu, kambi nyingi zilipowekwa kulikuwa na mapori na mawe. Nyumba zimetufuata. Nimekaa kwenye kamati moja ya mipaka, nimeona kwa macho yangu dalali anauza kiwanja huku amekalia bikoni. Mnunuzi anaambiwa "jeshi halina shida na eneo hili, litaachia". Anajenga haraka, anaweka dirisha, anaweka bibi mzee ndani ili asibomolewe. Mnapolilaumu jeshi kwa ukimya, mtajeni na dalali, na mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano. Muhuri ule ndio uliozaa huyo bibi yako wa matembele.

Mpima_Ilemela

Shikamoo mzee wangu. Hilo la muhuri ni kweli tupu, na ninaliona kila wiki. Mwenyekiti anapata asilimia yake ya mauziano, dalali anapata yake, na mnunuzi anabaki na karatasi.

Ila nakuomba uniruhusu nikubishie kidogo. Dalali anafanikiwa kwa sababu mnunuzi hana pa kuhakikisha. Ramani ingekuwa imebandikwa ofisi ya mtendaji, mnunuzi angeitazama kwa dakika tano na dalali angekosa la kusema. Na hoja kwamba kubandika ramani kunahatarisha usalama haisimami siku hizi. Uzio wa kambi unaonekana kwenye simu ya mtu yeyote akifungua picha za setilaiti. Anayekosa taarifa ni yule bibi asiye na simu.

Na pale jeshi linapohitaji kupanuka kuwafuata waliotangulia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inaipa serikali nguvu ya kuchukua kwa manufaa ya umma, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya 2016 imekwenda mbali zaidi: fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inaanza kudai riba, na ikipita miaka miwili uthamini ule umekufa, unarudiwa. Watu hawalijui hili. Wanakaa na karatasi ya uthamini ya miaka saba, wamekatazwa kuendeleza, nyumba inabomoka kwa mvua huku wanasubiri. Hilo ndilo linalowafanya watu wachukie uzio.

Mzee_wa_Nyakato

Hapo nakubali. Fidia icheleweshwayo hutufitinisha na majirani zetu wakati askari wa zamu hajui hata habari yake. Na kikao kingesaidia hata sisi. Mkuu wa kikosi anakaa miaka michache anahamishwa, anayekuja anaanza upya bila kumjua mwenyekiti wala mchungaji wala shehe. Kitabu cha kumbukumbu za vikao kingebaki.

Mwl_Sengerema

Naomba niongeze la watoto. Novemba 2017 kule Ngara, Shule ya Msingi Kihinga, bomu lililookotwa liliwaua wanafunzi watano na kujeruhi wengine wengi. Watoto wetu wanaokota vyuma chakavu wauze kwa kilo. Hawachagui: msumari, rimu ya baiskeli, kitu cha duara chenye kutu, vyote vinaingia kwenye kiroba.

Shule niliyofundisha zamani ilikuwa karibu na eneo la shabaha. Siku ya mazoezi bendera nyekundu inapandishwa mlimani, na sisi walimu tulijua maana yake kwa sababu sajini mmoja alikuja mwenyewe mstarini asubuhi akawaeleza watoto. Aliwaonyesha picha za vitu vya kutokugusa, akawafundisha: usiguse, weka alama kwa mbali, mwite mtu mzima. Alipohamishwa, hakuja mwingine. Watoto wa mwaka uliofuata walirudi kuokota maganda ya risasi. Kazi ya maana namna ile haikupaswa kutegemea moyo wa sajini mmoja.

Wenye mizani ya chuma chakavu nao wahusishwe. Mtoto anaokota kwa sababu kuna anayenunua.

Mitumba_MlangoMmoja

Naongezea la sare. Agosti 2023 jeshi lilipotoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na za kwao, sisi wa mitumba tulipata hasara kubwa. Balo unalinunua limefungwa, ukifungua unakuta jaketi za mabaka za Ulaya ndani. Mimi nilizipeleka zote polisi, sikutaka shida. Kijana mmoja jirani na meza yangu alikuwa amevaa kofia ya mabaka, akavuliwa na kupewa adhabu pale pale mbele ya wateja.

Sheria ipo miaka mingi na naiheshimu, majambazi wanatumia nguo hizo kuteka watu. Ila vikao anavyosema mkuu vingetusaidia. Waje sokoni watuonyeshe rangi zipi na mabaka gani, tuwe tunatenga wenyewe tukifungua balo. Hakuna mfanyabiashara anayependa kugombana na mtu mwenye bunduki.

mama_wawili_Igoma

Jamani na sisi tusemeni. Nina watoto wawili na askari. Tuliishi pamoja uraiani, nyumba ya kupanga, ndugu zake wananijua. Uhamisho ulipokuja alisema anatangulia kutafuta nyumba. Simu ikapokelewa miezi ya mwanzo, baadaye ikazimwa. Nilikwenda getini, nikaambiwa nirudi na jina la kikosi alikohamia. Nitalijuaje? Mtaa wangu peke yake tuko zaidi ya mmoja. Sisemi wote wako hivyo, jirani yangu ameolewa na askari na anatunzwa vizuri kabisa. Nataka tu kujua mlango wa kugonga.

Msaidizi_wa_Sheria

Dada, usirudi getini. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri unakoishi, ukiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jina lake kamili na namba ya utumishi kama unayo kwenye karatasi yoyote: kadi ya kliniki, fomu ya shule, hata risiti ya kutuma pesa yenye jina lake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi atunze mtoto, awe askari au mvuvi. Afisa ustawi ndiye anayeandika barua kwa mwajiri, na barua yake ina nambari ya kumbukumbu, haiwezi kuachwa getini. Ikishindikana, mahakama ya watoto inatoa amri ya matunzo.

Na kwa wale wa ugomvi wa baa: askari akimpiga raia, ni jinai kama ya mtu mwingine. Anzeni polisi, mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyo hiyo mkatibiwe. Msikubali suluhu ya kupewa nauli barabarani, maana kesho hamtakuwa na ushahidi.

mama_wawili_Igoma

Asante sana ndugu yangu. Kadi ya kliniki ina jina lake na namba. Jumatatu nakwenda.

Kijana_Buswelu

Wadau, kuna jambo linatuumiza vijana tunaokaa karibu na kambi. Watu wanatuzungukia wakisema wana "afande wao" ndani, lete laki tano nikuingize JKT. Rafiki yangu aliuza pikipiki ya baba yake. Hakuna nafasi, hakuna afande. Naomba kambi itutangazie hapo hapo mtaani kwamba nafasi za kujitolea zinapitia wilayani na mkoani na hazina malipo. Tangazo likibandikwa getini tu, sisi getini hatusogei.

Mpima_Ilemela

Mdogo wangu, umenipa sababu nyingine ya ubao wa matangazo. Ramani, siku za shabaha, taratibu za JKT, rangi za sare, vyote vinakaa ubao mmoja ofisi ya mtaa.

Mgeni_Kisesa

Mkuu Mpima, nimepata kiwanja karibu na kambi, bei nzuri mno, na uzi huu umenitisha. Nihakikishe vipi kabla sijatoa pesa?

Mpima_Ilemela

Bei nzuri mno karibu na kambi ni sababu ya kusimama kwanza. Usitoe hata ya utangulizi.

Muulize muuzaji kama eneo limepimwa. Akisema ndiyo, chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uombe kuona ramani ya mipangomiji na ramani ya upimaji. Kama ana hati, omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, gharama yake ni ndogo na majibu yanakuja kwa maandishi. Kama halijapimwa, usiridhike na muhuri wa mwenyekiti. Mwombe afisa ardhi akuambie kwa maandishi kama eneo lile limo ndani ya ardhi iliyotengwa kwa ulinzi.

Kisha nenda uwanjani mchana, siyo jioni, na usiende na dalali peke yake. Nenda na mpimaji aliyesajiliwa na majirani wa pande zote mbili, hasa wazee. Tembeeni mstari mzima wa mpaka. Bikoni ya serikali ni zege yenye chuma katikati na namba. Ukiona shimo lililofukiwa karibuni mahali ambapo bikoni ilipaswa kuwepo, ondoka. Angalia pia kama jirani wa ndani zaidi, upande wa kambi, amejenga kwa matofali ya kuchoma au kwa mabati na miti. Mtu anayejua kwamba anaweza kuondolewa hajengi msingi wa mawe.

Na kama tayari mtu amejenga na ameshapata wasiwasi, asingoje alama nyekundu. Aandike barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama na ndiye anayeweza kuwaita jeshi na mtaa wakae pamoja. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala abaki nayo.

Mimi kwa mtaa wetu nimeshapeleka kwa mtendaji ombi la kuweka mpaka wa kambi kwenye ajenda ya mkutano wa hadhara, pamoja na la mafunzo ya uokoaji kwa wavuvi alilosema dada wa Bwisya. Mtendaji amelipokea na amesema ataandika kwa kambi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Wenye mitaa inayopakana na kambi, Ilemela, Magu, hata Musoma na Bukoba, nitumieni ujumbe wa faragha niwape nakala ya barua mkaibadilishe majina. Mzee wa Nyakato, naomba uje kwenye mkutano wetu kama afya inaruhusu. Bikoni tutakwenda kuzisafisha wenyewe Jumamosi inayofuata, na ningependa awepo mtu aliyeziona zikiwekwa.

Mzee_wa_Nyakato

Nitakuja. Leteni panga na brashi ya waya, na yule bibi mwacheni kwanza na matembele yake mpaka mkuu wa wilaya ajibu.